Pikipiki Kuukuu na Bei ya Haki

Mwaka 2024, wiki mbili hivi kabla ya Pentekoste, alifika nyumbani kwetu dalali mmoja kutoka mjini Muheza. Akaizunguka pikipiki yetu mara mbili pale chini ya mwembe, akapiga kiki, akasikiliza, kisha akasema, "Mzee, hii usiiachie chini ya milioni moja na laki nne."

Pikipiki hiyo tuliinunua mwaka 2016 kwa shilingi milioni moja kamili, nayo ilikuwa imekwisha kutumiwa miaka miwili na mwenyewe wa kwanza. Sisi tukaitumia miaka minane. Ilitupeleka shuleni na kuturudisha mpaka tulipostaafu. Ilibeba machungwa kwenda sokoni, ilimfikisha mgonjwa hospitali usiku wa manane, na mara moja ilimchukua Padre pamoja na vyombo vyake vya Ushirika Mtakatifu gari lake lilipokwama. Tairi tumebadilisha, cheni tumebadilisha, kiti kimeshonwa upya mara mbili. Na sasa twaambiwa ati thamani yake imepanda!

Jioni tulimweleza Mama wa nyumbani habari hiyo kwa furaha, maana ni nani asiyefurahi kuambiwa kwamba kitu chake kimepanda bei? Yeye alikuwa akichambua mchicha. Hakuinua uso. Akauliza, "Hizo laki nne, baba, tumezifanyia kazi gani?"

Swali hilo lilitunyima usingizi, na ndilo linalotufanya tuandike makala hii. Mkulima akiongeza bei ya mahindi atasema alipalilia. Fundi akiongeza bei ya kiti atasema mbao zimepanda. Lakini sisi, ambao kila siku tuliichakaza pikipiki ile, tutasema tuliiongezea nini? Je, ni haki kupokea zaidi ya tulichotoa, kwa sababu tu wengi wanakitaka na vipo vichache?

Kwanza yatupasa kuelewa bei zimepandaje, maana ni rahisi mno kumlaumu dalali. Pikipiki na magari madogo yanayotumiwa na watu wa kawaida hayatengenezwi hapa petu. Gari dogo analoliota mwalimu au muuguzi wetu limetoka Japani. Huko sheria huagiza gari jipya likaguliwe baada ya miaka mitatu, na tangu hapo kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi huo pamoja na matengenezo yake hugharimu fedha nyingi. Ndiyo sababu Wajapani wengi waliona afadhali kuliuza gari likiwa bado zima. Yalipelekwa mnadani, na mnadani hapo tulikutana watu wa dunia nzima: mtu wa Muheza kwa kupitia wakala wake, na mtu wa Vladivostok kule Urusi, wote wakinyoosha mkono kwa gari lile lile.

Ugonjwa wa Korona ulipoingia mwaka 2020 viwanda vilifungwa. Vilipofunguliwa vilikuta chipu, yaani vile vipande vidogo vya elektroniki vinavyoongoza injini na breki, zimekwisha kuchukuliwa na watengenezaji wa simu na kompyuta. Magari mapya yakawa haba, wenye magari ya zamani wakayang'ang'ania, na bei za yaliyotumika zikapaa. Nchini Marekani, kati ya Januari 2021 na Januari 2022, bei ya magari yaliyotumika ilipanda kwa zaidi ya 40%. Gharama za kusafirisha mizigo baharini nazo zilipanda katika miaka hiyo hiyo. Kwa upande wetu shilingi ilipungua nguvu: mwaka 2016 dola moja ilipatikana kwa shilingi 2,200 hivi, katikati ya mwaka 2024 ilikuwa imepita 2,600.

Halafu kuna kodi. Wasomaji watusamehe, mwalimu hawezi kupita kando ya hesabu bila kuifanya. Tuseme gari dogo limefika bandarini Dar es Salaam, na thamani yake pamoja na nauli na bima ni shilingi milioni 6. Ushuru wa forodha ni 25%, yaani milioni 1.5, sasa tuna milioni 7.5. Juu ya hiyo kuna ushuru wa bidhaa 5% kwa injini inayozidi sentimita za ujazo 1,000 lakini isiyozidi 2,000. Na ikiwa gari limetimiza miaka 10, ushuru wa uchakavu 30%. Hapo tumefika milioni 10 na kidogo. Mwisho inakuja Kodi ya Ongezeko la Thamani, 18% juu ya yote. Jumla inakaribia milioni 12. Gari la milioni 6 limekuwa magari mawili, moja la kuendesha na moja la kulipia.

Hatusemi kwamba kodi hiyo ni dhuluma. Nchi isiyojilinda hugeuka kuwa jaa la vyuma vya wenzake, na moshi wa magari makuukuu huwaingia watoto wetu vifuani. Twasema tu kwamba anayenunua gari la miaka 15 hanunui kwa kupenda uzee. Ananunua kwa kuwa la miaka 5 limemshinda, naye ndiye anayetozwa sehemu kubwa zaidi kwa ajili ya umri wa gari. Toyota IST ya umbo la kwanza, ile tunayoiona kila mahali, iliundwa kati ya mwaka 2002 na 2007. Kila moja inayoingia leo inalipa ushuru huo wa uchakavu.

Pikipiki zetu nyingi ni za India na China, na hizo huja mpya. Lakini nazo hununuliwa kwa dola, na vipuri vyake vilevile. Mpya ikipanda, kuukuu huifuata kama ndama afuatavyo mama yake. Basi laki nne zetu zilizaliwa Japani na India na katika benki za Marekani, zikatua chini ya mwembe wetu tukiwa tumelala. Mama aliuliza vema.

Kesho yake, kama ilivyo desturi ya majaribu, akaja kijana mmoja wa kwaya yetu. "Shikamoo, Mwalimu. Nimesikia mnauza pikipiki." Kijana huyu tulimfundisha darasa la nne. Alikuwa akiendesha bodaboda ya mtu mwingine, akipeleka hesabu ya shilingi 8,000 kila siku, mvua inyeshe au jua liwake, na kinachobaki ndicho chake. Mkononi alikuwa na shilingi 900,000: ng'ombe mmoja wa mama yake aliyeuzwa, na fungu lake la VICOBA. Hakusema anataka kupunguziwa. Alisema tu kwamba ndizo alizo nazo.

Dalali aliposikia alicheka. "Mzee, huyo ndiye hasa. Usimwuzie taslimu, mpe mkataba. Elfu nane kwa siku, siku sita za wiki, mwaka mzima. Si ndiyo anayolipa sasa? Hataona tofauti, na mwisho pikipiki ni yake. Atakushukuru." Tulipiga hesabu baada ya yeye kuondoka: 8,000 mara 6 mara 52 ni shilingi 2,496,000. Kwa pikipiki ya miaka kumi!

Basi tulikuwa na bei tatu za kitu kimoja. Laki tisa za kijana, milioni moja na laki nne za sokoni, na milioni mbili na nusu za mkataba. Na la ajabu ni kwamba ile kubwa kuliko zote ingelipwa na yule mwenye kidogo kuliko wote.

Wasomaji wa rika letu watakumbuka kwamba palikuwa na wakati swali hili lilijibiwa na Serikali. Tume ya Bei iliundwa kwa sheria ya mwaka 1973, ikapanga bei za bidhaa nyingi sana. Na mwaka 1983 ikaja vita dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi, iliyoongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine. Sisi tulikuwa mwalimu kijana, mwaka wa pili kazini. Kuuza sabuni kwa bei ya kuruka lilikuwa jambo la kumfikisha mtu kizuizini, na watu walisema usiku kulikuwa na wenye maduka waliotupa bidhaa zao vichakani kwa hofu. Wengi wetu tulishangilia, maana tulikuwa tumechoka kuonewa.

Lakini tuseme na upande wa pili. Mwaka ule tuliandikishwa kupata baiskeli ya Swala, iliyokuwa ikitengenezwa Dar es Salaam, kwa bei ya Serikali. Bei ilikuwa nzuri kweli, kila mwalimu aliiweza. Baiskeli haikuonekana. Kila mwezi tulikwenda kuuliza, na kila mwezi tuliambiwa mgao haujafika. Hatimaye tulinunua Phoenix kuukuu kwa mtu mmoja, kwa bei ya kuruka, tena usiku, nasi tulimshukuru. Hapo tulijifunza kwamba bei inaweza kuwa ya haki kwenye karatasi na isimsaidie mtu yeyote. Kwa hiyo hatuwezi kumwambia msomaji kwamba haki ni kuuza kwa bei ndogo, basi.

Tulipotafuta msaada katika Maandiko, hatukwenda kwa Amosi, ingawa yeye ndiye hukumbukwa habari hizi zinapotajwa, kwa ukali wake juu ya wanaopunguza kipimo. Tulikwenda Mambo ya Walawi, sura ya 25, ambayo wengi huiruka kwa kuwa ina habari za mashamba na hesabu za miaka. Pale Waisraeli wanaagizwa kwamba mtu akimwuzia mwenzake shamba, bei ifuate hesabu ya miaka ya mavuno iliyobaki mpaka Yubile. Miaka ikiwa mingi bei iwe kubwa, ikiwa michache iwe ndogo, maana kinachouzwa hasa ni idadi ya mavuno. Wala mtu asimpunje mwenzake.

Tunaona hiyo ndiyo sheria ya vitu vilivyotumika, imeandikwa kabla pikipiki hazijafikiriwa. Mwenye kuuza kitu kuukuu anauza miaka iliyobaki. Tulimwita fundi wetu, akaifungua, akasema kwamba ikitunzwa itafanya kazi ya bodaboda miaka mitatu au minne zaidi. Ila ringi za pistoni zimechoka, inakula oili, na ikipanda mlima wenye mzigo inatoa moshi wa buluu. Kuitengeneza ni shilingi 150,000.

Tena yuko Thomas Aquinas, mwalimu mkuu wa Kanisa aliyefariki mwaka 1274. Katika kitabu chake kikubwa cha theolojia aliuliza swali hili hili: je, mtu aweza kuuza kitu kwa zaidi ya thamani yake? Jibu lake ni la kumsaidia hata muuza nyanya. Ikiwa mwenye kitu ataumia kwa kuachana nacho, yaani kinamfaa kuliko vinavyomfaa wengine, basi anaweza kuongeza bei, kwa kuwa anadai fidia ya hasara yake mwenyewe. Lakini ikiwa yeye haumii, ila mnunuzi ana haja kubwa, hana ruhusa ya kuongeza bei kwa ajili ya haja hiyo. Kwa nini? Kwa sababu haja ni mali ya mnunuzi. Mtu hawezi kuuza kisicho chake.

Tulisoma hapo mara tatu. Maana dalali aliposema "huyo ndiye hasa," alikuwa akitushauri tuuze shida ya kijana. Pikipiki ilikuwa yetu. Shida ya kijana, ng'ombe wa mama yake, mvua anayonyeshewa akitafuta 8,000 za mwenyewe, hivyo havikuwa vyetu.

Lakini jibu hilo hilo lilitutetea pia, na hapa tulirudi kwa Mama na majibu. Tulimwambia kwamba si laki nne zote zilizotoka hewani. Milioni moja ya mwaka 2016, ukiipima kwa dola, ilikuwa karibu milioni moja na laki mbili ya mwaka 2024. Tukitaka kununua pikipiki nyingine kama hiyo kesho, hakuna atakayetuuzia kwa bei ya miaka minane iliyopita. Kwa hiyo tukiuza kwa laki tisa tutaumia kweli, na mstaafu hana mshahara wa kuzibia pengo. Mama akakubali hilo. Akasema, "Basi dai maumivu yako. Usidai ya kwake." Hakuwahi kusoma Aquinas.

Kuna jambo ambalo wauzaji hatupendi kulitaja, nalo ni ule moshi. Dalali hakuuona, maana aliijaribu mahali tambarare bila mzigo. Kijana naye asingeuona mpaka apande mlima wa kwenda Amani na abiria wawili nyuma. Je, tulipaswa kusema?

Mwandishi wa Kirumi Cicero, katika kitabu alichomwandikia mwanawe mwaka 44 kabla ya Kristo, anaeleza mfano unaofundishwa mpaka leo. Mfanyabiashara mwema analeta nafaka kutoka Alexandria kwenye kisiwa cha Rhodes, ambacho katika Matendo ya Mitume kinaitwa Rodo. Kisiwani kuna njaa, bei iko juu sana. Yeye peke yake anajua kwamba merikebu nyingine nyingi zimo njiani na nafaka tele. Je, awaambie watu, au anyamaze auze kwa bei ya njaa? Cicero anasema wanafalsafa wawili, Diogenes wa Babeli na mwanafunzi wake Antipater, walitofautiana. Diogenes alisema muuzaji ataje kasoro ambazo sheria imemlazimisha kutaja, na mengine anaweza kunyamaza bila hila. Kunyamaza si kuficha. Antipater akasema hapana, mnunuzi asikose kujua jambo lolote analolijua muuzaji, maana wote ni jamii moja. Cicero mwenyewe alikuwa upande wa kusema.

Aquinas, ambaye tunamheshimu, alikuwa mpole zaidi kwa mfanyabiashara huyo: alisema haki haimlazimishi kutangaza merikebu zinazokuja, ingawa angefanya vema zaidi kama angesema. Ila kasoro iliyojificha ndani ya kitu chenyewe, inayoweza kumletea mnunuzi hasara au hatari, hiyo alisema ni lazima itajwe. Merikebu za kesho ni bahati ya soko, lakini moshi umo ndani ya pikipiki yenyewe.

Siku hizi kuna hila mbaya kuliko kunyamaza. Kuna wanaorudisha kilomita nyuma, gari lililokimbia 180,000 likasoma 70,000. Kuna wanaomimina oili nzito siku ya kuuza ili injini ikae kimya saa mbili. Hao hawana mjadala na Cicero wala na mtu yeyote, ni wezi. Tunaosumbuka ni sisi wa katikati, tunaosema "iangalie mwenyewe" huku tukimpeleka mnunuzi kwenye barabara isiyo na mlima.

Wala wanunuzi wasicheke. Kitabu cha Mithali, sura ya 20, kinamtaja mnunuzi anayekiponda kitu mbele ya mwenyewe kwamba hakifai, kisha akienda zake hujisifu. Tumewaona wengi. Mjane mmoja jirani yetu aliuza gari la marehemu mumewe miaka michache iliyopita, na waliokuja walimwambia ni chuma chakavu, mpaka akaamini, akaliachia kwa bei ya mabati. Gari hilo tunaliona mpaka leo likibeba abiria. Shida ya muuzaji nayo si mali ya mnunuzi.

Kuhusu mkataba wa pikipiki tunataka kusema kwa uangalifu, kwa kuwa wapo waumini wa mtaa huu wanaoishi kwa mikataba hiyo, na baadhi yao ni watu wema. Aquinas angewakatalia upesi: aliandika kwamba kuongeza bei kwa ajili ya kumngoja mtu alipe ni riba. Lakini katika nchi ambayo shilingi hupungua mwaka hadi mwaka, kungoja kuna hasara yake. Tena pikipiki huibwa. Hupata ajali, na kijana akivunjika mguu mkataba nao umevunjika. Benki haimkopeshi kijana asiye na hati ya nyumba. Mwenye pikipiki amemwamini kwa jina lake tu. Bila mikataba hiyo vijana wengi wasingemiliki chombo maishani mwao. Haya yote ni maumivu ya muuzaji, nayo yanadaiwa kwa haki.

Ila ipigwe hesabu ya maumivu hayo, isikisiwe. Kutoka milioni moja na laki nne hadi milioni mbili na nusu ni zaidi ya milioni moja, na sisi tulipojaribu kuandika hasara zote tunazoweza kuzipata katika mwaka mmoja, kwa kalamu ya mwalimu anayetaka kujipendelea, hatukufika nusu yake. Iliyobaki ilikuwa shida ya kijana. Pia tumeona mikataba inayosema akikosa siku tano mfululizo ananyang'anywa pikipiki, na alichokwisha kulipa kimepotea. Mtu amelipa miezi kumi, akaugua malaria na nimonia, amerudi hana kitu. Hapo hatuwezi kuona haki kwa tafsiri yoyote, hata kama ametia sahihi. Mwenye kuzama hutia sahihi karatasi yoyote.

Basi tulifanya hivi. Tulichukua bei ya sokoni, milioni moja na laki nne, tukatoa 150,000 za ringi. Tukatoa tena laki moja ambayo dalali angeichukua kama tungemtumia kuuza. Hiyo haikuwa ukarimu, tusingeipata kwa vyovyote. Ikabaki 1,150,000. Kijana akatoa laki tisa, na 250,000 zikangoja mpaka mwisho wa msimu wa machungwa, bila nyongeza. Kasoro tuliziandika kwenye karatasi moja kwa moja: ringi, oili, moshi wa buluu, shokapu ya nyuma upande wa kushoto. Akasaini yeye na sisi, mbele ya mzee wa kanisa, na kadi ya pikipiki ikaenda kubadilishwa jina. Mwezi wa tisa alimaliza deni, siku mbili kabla ya tarehe.

Tungependa kuishia hapo, lakini tungekuwa kama yule anayechagua barabara tambarare. Mwezi Machi mwaka 2025 kijana aliiuza pikipiki ile. Dada yake alikuwa amepata nafasi ya chuo cha uuguzi na ada haikuwapo. Aliiuza kwa shilingi 1,450,000 kwa mtu wa Korogwe, akarudi kuendesha ya mtu mwingine, kwa hesabu ya 8,000.

Habari zilipofika kisimani na dukani watu walitucheka sana. Dalali alikuja mwenyewe kutuambia, "Mzee, laki tatu zako zimekwenda Korogwe." Na ni kweli zilituuma. Tulijiuliza kama tofauti na mwaka 1983 ni ipi: bei ya haki imeingia mlango mmoja, bei ya kuruka imetokea wa pili. Yeye alitengeneza ringi, hiyo ni kazi aliyoifanya, na 150,000 zile ni haki yake. Hizo laki moja na nusu nyingine alizifanyia kazi gani? Au tuseme zilikuwa ada ya dada yake, nasi tulitoa bila kujua? Hatujaafikiana nyumbani kuhusu hilo.

Mama hakukasirika wala hakucheka. Jumapili moja baada ya ibada alimwita yule kijana pembeni, penye mti wa mkungu, akamwuliza kama alimwambia yule mtu wa Korogwe habari za moshi. Kijana akasema ringi ni mpya, moshi ulikwisha. "Na shokapu?" Akasema shokapu alimwonyesha kwa mkono wake, na karatasi yetu alimpa.